Gharama ya Mtaalamu Mgeni: Union Minière na Wafanyakazi Wake Katanga, 1906–1967

Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 kwa mtaji wa Ubelgiji na Uingereza. Wenyeji wa Katanga walikuwa wameyeyusha shaba kwa karne nyingi, lakini kampuni haikujenga juu ya ujuzi huo. Iliagiza mafundi kutoka nje. Reli ya kutoka Rhodesia ilipofika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910, ilileta pia mafundi Wazungu kutoka Rhodesia na Afrika Kusini.

Mafundi hao walizoea mishahara mikubwa na mapambano ya vyama vya wafanyakazi. Faranga iliposhuka thamani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, walizidi kuwa ghali, na mwaka 1920 waligoma. Serikali ya kikoloni nayo ilihofia kwamba Katanga ingegeuka kuwa nchi ya Waingereza. Hivyo basi, nafasi zao zikajazwa polepole na Wabelgiji. Hata Mbelgiji hakuwa rahisi: alihitaji nauli ya meli, nyumba, tiba na likizo ya kurudi kwao mkataba ulipokwisha.

Gharama hiyo, kuliko huruma yoyote, ndiyo inayoeleza sera iliyoanza mwishoni mwa miaka ya 1920. Mfanyakazi Mwafrika alipewa mkataba wa miaka mitatu, akaruhusiwa kuishi na mkewe kambini, na watoto wake wakasomeshwa katika shule za misheni. Alifundishwa kuendesha mitambo ambayo migodi ya Afrika Kusini iliwatengea Wazungu kisheria. Kiswahili kikawa lugha ya kazi, kikiwaunganisha watu waliotoka Kasai, Ruanda-Urundi na kwingineko.

Hata hivyo, ngazi hiyo ilikuwa na mwisho. Mwafrika aliweza kuwa fundi au nyapara. Uhandisi na uongozi vilibaki kwa mgeni, na pengo la mishahara lilikuwa kubwa mno. Desemba 1941, gharama za maisha zikiwa zimepanda kutokana na vita, wafanyakazi Waafrika waligoma. Tarehe 9 Desemba askari waliwafyatulia risasi wagomaji waliokusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, wakaua makumi ya watu.

Baada ya mauaji hayo mishahara iliongezwa, lakini dari haikuondolewa. Chuo kikuu kilifunguliwa mjini humo mwaka 1956, miaka minne tu kabla ya uhuru. Muda huo haukutosha kuandaa kizazi cha wahandisi. Madhara yake yalidhihirika mwaka 1967, Mobutu alipotaifisha mali ya kampuni. Migodi, mitambo na reli za migodini vilikuwa vya taifa, ila wataalamu wangeweza kupanda ndege na kuondoka. Februari mwaka huohuo serikali ilitia saini mkataba na Société Générale des Minerais, kampuni ya Ubelgiji yenye uhusiano wa karibu na Union Minière, ili ilete wataalamu na kuuza shaba kwa malipo.