Fonti za printa za leza

Fonti za printa za leza ni faili za kompyuta zinazoeleza maumbo ya herufi ili printa iweze kuzichapa. Fonti za mstari wa nje hueleza ukingo wa kila herufi kwa hesabu, hivyo faili moja hutosha kwa ukubwa wowote. Fonti za nukta, zilizotangulia, zilihitaji faili tofauti kwa kila ukubwa. Muundo wa faili unaweza kuwa siri ya kampuni, au kuchapishwa ili kila mtu autumie.

Historia

Kampuni ya Adobe ya Marekani ilitoa lugha ya PostScript mwaka 1984. Mwaka 1985 ilianza kutumika katika printa ya Apple LaserWriter, iliyochapa nukta 300 kwa inchi. Adobe ilieleza hadharani muundo wa Type 3, lakini ilificha ule wa Type 1, wenye maelekezo ya kunyoosha herufi ndogo zisionekane na unene usiolingana.

Mwaka 1989 Apple na Microsoft zilitangaza ushirikiano juu ya muundo mwingine, uliokuja kuitwa TrueType. Mwaka 1990 Adobe ilichapisha maelezo ya Type 1. TrueType iliingia katika kompyuta za Apple mwaka 1991 na katika Windows 3.1 mwaka 1992. Mwaka 1996 Microsoft na Adobe zilitangaza OpenType, ambayo baadaye ilikuwa msingi wa kiwango cha kimataifa cha ISO.

Lugha za Nyanda za Juu Kusini

Kiswahili huandikwa kwa herufi za kawaida za Kilatini. Kinyakyusa na Kimalila, lugha za Mbeya, zina vokali saba, na tahajia inayotumiwa na shirika la SIL huongeza ɨ na ʉ. Herufi kubwa Ʉ iliingizwa katika Unicode mwaka 2006. Kwa kuwa muundo wa fonti umechapishwa, yeyote anaweza kuchora herufi kama hizo.

Muundo kuwa wazi hakumaanishi fonti ni huru: Helvetica bado ina wenyewe. Charis na Gentium za SIL zina leseni huria, hivyo huruhusiwa kunakiliwa na kurekebishwa. Zikiwekwa ndani ya faili la PDF, steshenari ya Makongolosi isiyo na fonti hizo huweza kuchapa maandishi ya Kinyakyusa bila kupoteza vokali.