Kidhibiti mwendo cha pikipiki na namna ya kusoma karatasi ya daino

Kidhibiti mwendo ni kifaa, au maelekezo yaliyowekwa ndani ya kompyuta ndogo ya pikipiki, kinachozuia injini au chombo kupita kiwango fulani. Daino ni mashine inayopima nguvu ya injini na kuichora kama mstari kwenye karatasi au skrini. Viwili hivi hukutana pale fundi anapomwambia dereva wa bodaboda, "Nikikutolea ukomo huu, pikipiki itavuta," kisha anamwonyesha mchoro kwenye simu kama ushahidi.

Kwa kuwa fedha inayotolewa hapo ni ya marejesho ya wiki, na anayepanda nyuma ni abiria, tunaeleza hatua kwa hatua. Jibu fupi ni hili: kidhibiti huweka ukomo wa juu. Hakipunguzi nguvu ya kupandia mlima, na kukitoa hakuiongezi.

Aina tatu za kidhibiti

Cha kwanza huzuia mizunguko ya injini. Injini ikifika idadi fulani ya mizunguko kwa dakika, CDI, kile kiboksi kinachoiamuru plagi ipige cheche, hukata cheche kwa muda mfupi sana, tena na tena. Dereva husikia injini ikigugumia.

Cha pili husoma kasi ya chombo. Kompyuta hupata taarifa kutoka kwenye gurudumu au gia, na kasi iliyopangwa ikifika, hupunguza mafuta au cheche. Pikipiki kubwa zilizotengenezwa kwa soko la Japani zimekuwa zikiwekewa ukomo wa kilomita 180 kwa saa. Baada ya Suzuki Hayabusa kutoka mwaka 1999 na kukaribia au kupita kilomita 300 kwa saa, watengenezaji wakubwa walikubaliana kuishia hapo kwenye 300.

Cha tatu ni kizuizi cha kawaida cha chuma au plastiki kinachozuia mkono wa mafuta usifunguke wote. Ulaya hutumika kwa madereva wapya. Leseni yao ya daraja la A2 huishia kilowati 35, na vipikipiki vidogo vya daraja la AM huishia kilomita 45 kwa saa. Uholanzi, polisi wamekuwa wakivipandisha vipikipiki hivyo kwenye mashine ya roli kukagua kama ukomo umechezewa.

Daino inapima nini

Gurudumu la nyuma hukaa juu ya roli nzito la chuma. Dereva hupeleka resi hadi mwisho, na mashine huangalia roli linaongeza kasi haraka kiasi gani. Uzito wa roli unajulikana, kwa hiyo nguvu hupatikana kwa hesabu.

Karatasi huwa na mistari miwili. Mmoja ni torki, yaani nguvu ya kusokota, inayopimwa kwa nyutoni mita. Ndiyo unayoisikia pikipiki inapoondoka na magunia mawili ya mahindi. Wa pili ni nguvu ya injini, kwa kilowati au nguvu za farasi. Uhusiano wake ni huu: torki zidisha kwa mizunguko ya dakika, gawanya kwa 9549, unapata kilowati. Kilowati 1 ni sawa na nguvu za farasi 1.36.

Tuchukue mfano wa pikipiki ya cc 150. Kwenye mizunguko 5000 ina torki ya 12.2. Hesabu inatoa kilowati 6.4, karibu farasi 8.7. Kwenye mizunguko 7500 torki imeshuka hadi 11.2, lakini nguvu imefika kilowati 8.8, karibu farasi 12. Kilele cha kusokota na kilele cha nguvu haviko mahali pamoja.

Kumbuka pia kwamba kijitabu cha pikipiki hutaja nguvu inayotoka kwenye injini. Daino hupima kwenye gurudumu, baada ya gia, cheni na tairi kula sehemu yake, kwa kawaida kama asilimia 10 hadi 15. Pikipiki yetu ya farasi 12 ikisoma 10 na nusu, ni nzima. Asikutishe mtu kwamba injini imechoka.

Mstari ukikatika ghafla

Injini ikiishiwa pumzi yenyewe, mstari wa nguvu hupanda, hufika kilele, kisha huinama taratibu kama mgongo wa kilima. Kidhibiti kikifanya kazi, mstari huanguka ghafla kama ukingo wa korongo, au hutoka meno meno kama msumeno. Anguko hilo halioneshi udhaifu wa injini. Linaonesha mahali ukomo ulipo.

Kwa hiyo tazama kilele kiko upande gani wa anguko. Kama mstari ulishapita kilele na kuanza kuinama kabla ya kukatwa, basi kidhibiti hakijakunyima nguvu yoyote. Kukitoa kutakupa mizunguko mingi zaidi yenye nguvu kidogo zaidi, pamoja na joto na vavu zinazoshindwa kufunga kwa wakati.

Kama mstari umekatwa ukiwa bado unapanda, angalia ulipimwa kwa gia ipi. Pikipiki yenye ukomo wa kasi ikipimwa kwa gia ya mwisho inaweza kukatwa kabla injini haijafika kilele, na karatasi ikasoma pungufu. Fundi makini hurudia kwa gia ya chini yake.

Hewa ya mlimani

Injini isiyo na tabo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kila unapopanda mita 1000, kwa sababu hewa ni nyepesi. Pikipiki inayosoma farasi 10 na nusu Dar es Salaam itasoma karibu 9 mjini Mbeya, kwenye mita kama 1700, bila kuwa na ugonjwa wowote.

Mashine nyingi husahihisha tofauti hiyo kwa hesabu, lakini kanuni ni zaidi ya moja. Ya Marekani, SAE, hulenga nyuzi joto 25. Ya Kijerumani, DIN, hulenga nyuzi 20 na mgandamizo mkubwa zaidi wa hewa, hivyo hutoa namba kubwa kidogo kwa injini ileile. Ukilinganisha karatasi ya kabla na ya baada ya matengenezo, hakikisha zote zimetumia mashine moja, kanuni moja na gia moja.

Kasi ina gharama yake

Nguvu ya kupasua hewa huongezeka haraka kuliko kasi. Kutoka kilomita 80 hadi 100 kwa saa kunahitaji karibu mara mbili ya nguvu hiyo. Ndiyo maana pikipiki ndogo iliyotolewa kidhibiti mara nyingi haikimbii zaidi. Inapiga kelele na kunywa mafuta.

Breki nazo zina hesabu yake. Ukitoka 60 hadi 80, umbali wa kusimama tangu unaposhika breki huongezeka karibu mara 1.8. Sheria ya Tanzania kwenye makazi ni kilomita 50 kwa saa.

Anayetaka kuvuta mlimani aanze na chujio safi la hewa, cheni isiyolegea wala kukaza mno, na vavu zilizopimwa. Bado haitoshi? Spoketi ya nyuma yenye meno mengi zaidi huongeza mvuto, ingawa hupunguza kasi ya mwisho.

Maswali ya kumuuliza fundi kabla ya kulipa

- Namba hii ni ya injini au ya gurudumu?
- Ilipimwa kwa gia ipi, na imesahihishwa kwa kanuni gani?
- Mstari wa chini unaonesha mizunguko au kilomita kwa saa?
- Karatasi ya pikipiki yangu kabla ya kazi iko wapi?
- Kilele cha nguvu kiko kabla au baada ya ukomo?

Akishindwa kujibu la mwisho, mfuko wako ubaki umefungwa. Picha ya mstari wa pikipiki ya mtu mwingine haisemi lolote kuhusu ya kwako.