Columbia, Maryland

Columbia ni mji wa pembezoni uliopangwa kabla ya kujengwa, katika Kaunti ya Howard, jimbo la Maryland, Marekani, kati ya Baltimore na Washington, D.C. Mwasisi wake, mwendelezaji wa milki James Rouse, alinunua kimyakimya mashamba ya ekari 14,000 hivi, na mji ukafunguliwa mwaka 1967.

Mpango uliugawa mji katika vijiji 10, vingi vikiwa na kituo chenye maduka na ukumbi wa mikutano. Njia za waendao kwa miguu hupita kwenye miti na kandokando ya maziwa matatu yaliyotengenezwa. Masanduku ya barua yaliwekwa pamoja badala ya kila nyumba kuwa na lake, ili majirani wakutane. Tangu mwanzo nyumba ziliuzwa kwa watu wa rangi zote, jambo lililokuwa nadra wakati huo.

Columbia haina meya. Njia, maziwa na mabwawa ya kuogelea husimamiwa na Columbia Association, inayotoza wenye mali ada ya kila mwaka. Masharti ya umiliki hudhibiti hata rangi ya kuta na aina ya uzio.

Reston (Virginia), Irvine (California) na The Woodlands (Texas) zinafanana nayo: mpango mkuu mmoja, maeneo ya wazi yaliyotengwa mapema, ada na masharti. Wakazi huvutiwa na uhakika wa huduma na mandhari. Wakosoaji hulalamikia nyumba zinazofanana mno na maisha yanayotegemea gari.