Somo la Historia: Bakshishi na Chakula Kilichopoa

Wekeni madaftari na kalamu tayari. Somo la leo ni la historia, lakini twaanzia hotelini.

Fikiri umeingia hoteli ukaagiza wali na samaki. Umengoja nusu saa. Chakula kimekuja kimepoa, na mtumishi hakukuomba radhi. Umekwisha kula, umelipa, na chenji iko mkononi. Je, umwachie bakshishi, au uitie mfukoni? Kabla hujajibu, yafaa ujue desturi hii imepitia wapi.

Neno bakshishi lina asili ya Kiajemi, na maana yake ni kitu kilichotolewa, yaani zawadi. Zawadi hutolewa kwa hiari. Shika sana neno hilo, hiari.

Twende kwanza Uingereza, karne ya 18. Mgeni aliyealikwa kula katika nyumba ya bwana mkubwa, alipotoka aliwakuta watumishi wamejipanga mlangoni, kila mmoja akingoja chake. Wageni walichoka. Katika miaka ya 1760 mabwana wengine walipatana kuikomesha desturi hiyo. Watumishi wa London wakakasirika, wakafanya ghasia. Kwa nini? Kwa sababu walikuwa wakitegemea fedha hizo kuwa sehemu ya malipo yao. Waona, basi: zawadi ilikuwa imegeuka mshahara, na hiari ilikuwa imegeuka lazima.

Sasa tuvuke bahari mpaka Marekani. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilikwisha mwaka 1865, na watumwa wakapata uhuru. Mwaka 1867 George Pullman alianzisha kampuni ya mabehewa ya kulala ndani ya treni. Akaajiri watu weusi, wengi wao waliokuwa watumwa jana, watandike vitanda, wang'arishe viatu na kubeba mizigo. Mshahara ulikuwa mdogo; abiria ndio waliotazamiwa kuujaza kwa bakshishi. Abiria wengi walimwita kila mtumishi "George", kwa jina la mwenye kampuni, kama vile mtumwa alivyoitwa kwa jina la bwana wake. Naye ilimpasa kutabasamu, maana chakula cha watoto wake kilikuwa mfukoni mwa yule aliyemdharau. Abiria asipotoa kitu, nani alipata hasara? Si kampuni.

Watu wengine waliona aibu kwa jambo hilo. Mwaka 1909 jimbo la Washington lilipiga bakshishi marufuku, na majimbo mengine matano yakafuata. Lakini kukataza bakshishi si kupandisha mshahara. Kufikia mwaka 1926 sheria hizo zote zilikuwa zimefutwa.

Watumishi wa treni walishika njia nyingine. Mwaka 1925 waliunda chama chao cha wafanyakazi, na kiongozi wao alikuwa A. Philip Randolph. Walishindana na kampuni miaka 12. Mwaka 1937 kampuni ilitia sahihi mapatano: mshahara ukapanda, na saa za kazi zikapungua kutoka karibu 400 kwa mwezi mpaka 240. Hayo hayakuletwa na ukarimu wa abiria. Yaliletwa na umoja.

Hata hivyo habari haikuishia hapo. Mwaka 1938 Marekani iliweka sheria ya kima cha chini cha mshahara. Mwaka 1966 sheria hiyo iliongezwa kifungu: tajiri wa hoteli aweza kulipa pungufu ya kima hicho, bakshishi ikijaza pengo. Tangu mwaka 1991 kiasi anachoweza kulipa ni dola 2.13 kwa saa, na tangu mwaka 2009 kima chenyewe ni dola 7.25. Fanya hesabu daftarini: 7.25 toa 2.13, yabaki 5.12. Dola hizo hulipwa na nani? Hulipwa na mlaji. Bakshishi isipotosha, sheria yamtaka tajiri aongeze. Majimbo mengine, kama California, hayaruhusu upungufu huo kabisa.

Basi turudi kwenye wali wako uliopoa. Kwanza uliza kosa ni la nani. Pengine mpishi ni mmoja na wageni ni arobaini. Pengine mtumishi huyo amesimama tangu alfajiri. Sema naye kwa upole. Asiposikia, mwone msimamizi. Kama amekutukana, hapa kwetu huna deni kwake, kwa kuwa bakshishi ni zawadi. Lakini ukiwa ugenini ambako bakshishi ni mshahara, jua kwamba kuizuia ni kumkata mtu ujira wake, na tajiri aliyepanga mambo hayo hataiona hasira yako. Heri upunguze kidogo na useme sababu wazi, kuliko kuondoka kimya. Muungwana ni kitendo.

Maswali ya kujadiliana darasani:

1. Kwa nini watumishi wa London walifanya ghasia?
2. Marufuku ya bakshishi iliacha jambo gani bila kutengenezwa?
3. Ukihudumiwa vibaya, wamlipisha nani: mtumishi au tajiri wake?

Swali la tatu liandikie sentensi tano. Kwaherini, mpaka somo lijalo.