Pete Nyeusi Tuiiteje?

Dhahabu si neno geni Kakamega. Mwaka 1931 iliwavuta wazungu kwa makundi, na mgodi wa Rosterman ulipofungwa mwaka 1952, jina lilibaki kuwa la mtaa. Wachimbaji wadogo bado wanashuka mashimoni. Kwa hiyo ukimwonyesha mtu wa huko pete ya Kiingereza ya enzi ya Malkia Victoria, yenye almasi na ua lililozungukwa na weusi, dhahabu ataitaja bila kusita. Jiwe lake ni kito, kito chenyewe ni almasi, na fundi wake ni sonara. Hata ua lililochongwa lina jina: nakshi.

Kazi ya kutafuta jina iko kwenye ule weusi unaolizunguka ua. Ni enameli, yaani unga wa kioo uliochomwa juu ya metali hadi ukaganda nayo, sawa na kile kikombe cheupe cha nyanya kinachobanduka ukingoni. Kwa Waingereza wa wakati ule, nyeusi mara nyingi ilimaanisha kifo. Albert, mume wa Victoria, alifariki tarehe 14 Desemba 1861, na mjane huyo akavaa nyeusi mpaka alipokufa mwaka 1901. Enameli nyeupe ilitumiwa zaidi kuwaomboleza watoto na wasioolewa.

Basi pete kama hiyo tuiiteje? Pete ya eda haifai hata kidogo: mwenye eda huweka mapambo kando. Pete ya matanga ingependeza, ila matanga huondolewa, tena Kakamega neno hilo limeshabebeshwa disko matanga, ule muziki wa kukesha ambao wakuu wa serikali huupiga marufuku na vijana huurudisha. Pete ya marehemu? Hapo wengi watadhani imevuliwa maiti. Maombolezo nalo ni neno la taarifa ya habari.

Mimi nachagua pete ya msiba. Msiba hauna siku za kuhesabiwa. Victoria aliubeba karibu miaka 40.

Lakini si kila enameli nyeusi ni ya kifo, maana ilikuwa fasheni pia. Kabla hujaipa jina hilo, igeuze usome ndani. Ukikuta jina la mtu na tarehe aliyofariki, ni pete ya msiba. Usipokuta kitu, iite pete ya ua yenye enameli nyeusi, wala usikubali muuzaji akuongezee bei kwa kukusimulia kilio.