Nani Anaipima Timu? Tathmini ya Utendaji wa Ajaili na Mipaka Yake

Februari 2001 watu 17 waliobobea katika uundaji wa programu za kompyuta walikutana Snowbird, katika milima ya Utah nchini Marekani, wakatoa ilani fupi ya ajaili (Agile), yaani uundaji mwepesi wa programu, yenye tunu nne. Kanuni 12 zikafuata. Kanuni ya mwisho ndiyo inayohusu tathmini: kila baada ya muda timu ikae, ijiulize namna ya kufanya kazi vizuri zaidi, kisha irekebishe mwenendo wake. Kwa mujibu wa kanuni hiyo timu hujitathmini yenyewe. Mkaguzi hatajwi, mshauri elekezi hatajwi, wala ripoti ya kupelekwa kwa wakubwa.

Zaidi ya miaka 20 baadaye, tathmini ya ajaili imekuwa biashara. Taasisi hununua madodoso, timu hupewa alama, alama huchorwa kwenye grafu, na grafu huwekwa mbele ya bodi. Timu moja inaambiwa iko ngazi ya pili, jirani yake ngazi ya nne. Makala hii haidai kwamba timu zisipimwe. Inadai kwamba alama ya wepesi wa timu ikishatoka mikononi mwa timu hiyo hupoteza maana yake, na kwamba kinachostahili kupelekwa juu ni orodha ya vikwazo ambavyo timu haina uwezo wa kuviondoa.

Wazo la ngazi lina historia yake. Katika miaka ya 1980 Wizara ya Ulinzi ya Marekani, iliyochoshwa na programu zinazochelewa na kuzidi bajeti, ilitaka njia ya kuwachuja wakandarasi. Kazi hiyo ilifanywa na Taasisi ya Uhandisi wa Programu katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, kwa mchango mkubwa wa Watts Humphrey, na mwaka 1991 likatoka toleo la kwanza la modeli ya ukomavu yenye ngazi tano. Ilikuwa zana ya mnunuzi. Anayeajiri kampuni asiyoijua anahitaji kuamua upesi amwamini nani. Timu inayotaka kujua kwa nini kazi zake hukwama kila wiki ya pili ina swali jingine kabisa, na kuambiwa iko ngazi ya tatu hakulijibu. James Shore na Diana Larsen, waliochapisha modeli yao ya umahiri mwaka 2012, walijitahidi kuukwepa mtego huo: kanda zao nne ni za kuchagua kulingana na mahitaji ya taasisi, hivyo timu inayobaki katika kanda ya kwanza kwa makusudi haijafeli. Kwa bahati mbaya, meneja akiona vitu vinne vimepangwa kwa mfuatano huona ngazi, na anataka watu wapande.

Mfano unaojulikana zaidi wa kipimo kilichopotoka ni kasi. Timu za skramu (Scrum), mojawapo ya njia za ajaili, hukadiria ukubwa wa kazi kwa pointi, kisha huhesabu pointi zilizokamilika katika kila duru, ambayo mara nyingi ni ya wiki mbili. Namba hiyo ilikusudiwa kuisaidia timu kujua duru ijayo ibebe kiasi gani. Haina kizio: pointi tano za timu hii hazina uhusiano wowote na pointi tano za timu ile. Meneja akianza kulinganisha, au akidai kasi ipande kila robo mwaka, timu haihitaji hata kudanganya. Inatosha kazi iliyokuwa ya pointi tatu ianze kuonekana ya tano. Ron Jeffries, mmoja wa waliosaini ilani ya 2001, ameandika kwamba huenda ndiye aliyebuni pointi hizo, na kwamba kama ni yeye, anajuta.

Mchumi Charles Goodhart aliieleza tabia hii ya vipimo mwaka 1975 akizungumzia sera ya fedha ya Uingereza. Mwanaanthropolojia Marilyn Strathern aliipa sura yake maarufu mwaka 1997, kwamba kipimo kikigeuzwa lengo huacha kuwa kipimo kizuri, akiandika kuhusu ukaguzi wa vyuo vikuu. Aliyewahi kufanya kazi katika utumishi wa umma Tanzania hahitaji kwenda mbali hivyo. OPRAS, mfumo wa wazi wa mapitio na tathmini ya utendaji kazi ulioanza mwaka 2004, ulikuja kuondoa tathmini ya siri ambayo mtumishi hakuwa akiiona. Nia ilikuwa njema: mtumishi na msimamizi wake wakubaliane malengo mwanzoni mwa mwaka, wayapitie katikati, wayapime mwishoni. Lalamiko lililozoeleka ni kwamba fomu zilikuja kujazwa kwa mkupuo mwaka wa fedha ukikaribia kwisha, malengo yakiandikwa yakiwa yameshatimia.

Hata hivyo, namba zilizopikwa ni tatizo dogo, kwa sababu mchunguzi makini huzigundua. Kubwa zaidi ni kwamba alama inaweza kuwaadhibu wakweli. Amy Edmondson, katika utafiti wa timu za wauguzi aliouchapisha mwaka 1996, alitarajia kwamba timu zenye kiongozi mzuri na uhusiano mzuri zingekuwa na makosa machache ya utoaji wa dawa. Takwimu zikaonyesha kinyume. Maelezo aliyoyafikia ni kwamba timu hizo hazikuwa zikikosea zaidi; zilikuwa zikiyataja makosa yao, kwa kuwa hakuna aliyeogopa kuyataja. Tuyahamishie matokeo hayo kwenye dodoso la ajaili. Timu inayojipa alama mbili kati ya tano katika swali la ubora wa majaribio huenda ndiyo pekee inayojua majaribio yake yana mianya gani. Iliyojipa tano huenda haijawahi kuangalia. Msomaji wa wastani kwenye ripoti hawezi kuzitofautisha, na akiituza hiyo ya pili, mwaka unaofuata zote zitakuwa na tano.

Kwa matumizi ya ndani ya timu, njia ambayo kwa maoni yangu bado haijapata mshindani ni ile iliyochapishwa mwaka 2014 na Henrik Kniberg na Kristian Lindwall wa Spotify. Timu hupitia kadi, kila kadi ikiwa na mada moja pamoja na maelezo ya hali nzuri kabisa na hali mbaya kabisa. Wanatimu huchagua kijani, njano au nyekundu, kisha husema iwapo hali inaboreka au inazorota. Faida yake iko katika mabishano, pale mmoja anapochagua nyekundu na wenzake wote wamechagua kijani. Upofu wake ni kwamba timu inaweza kuwa ya kijani tupu, yenye raha na kazi yake, na mtumiaji asipokee kitu kipya kwa miezi.

Upofu huo hutibiwa kwa vipimo vya mtiririko. Nicole Forsgren, Jez Humble na Gene Kim, katika kitabu chao Accelerate cha mwaka 2018, walivitetea vinne: mabadiliko hupelekwa kwa watumiaji mara ngapi, huchukua muda gani kuwafikia, sehemu gani ya mabadiliko hayo huleta hitilafu, na huduma hurejeshwa baada ya muda gani. Viwili vya kwanza vinahusu kasi na viwili vya mwisho uthabiti, kwa hiyo anayechezea upande mmoja huumbuka upande wa pili. Navyo vikigeuzwa mashindano baina ya timu vitaharibika, ila polepole zaidi.

Kisa kinachoonyesha mipaka ya vyote hivi ni cha FBI. Mwaka 2005 shirika hilo liliutupa mfumo wa kusimamia majalada ya upelelezi, Virtual Case File, baada ya kutumia takriban dola milioni 170. Mwaka 2006 likaanza upya na mradi wa Sentinel chini ya Lockheed Martin, kwa bajeti ya dola milioni 425. Kufikia 2010 sehemu kubwa ya fedha ilikuwa imekwisha na mfumo haujakamilika. Mkuu wa teknolojia ya habari, Chad Fulgham, akaurudisha mradi mikononi mwa shirika, akapunguza wafanyakazi wa kandarasi kutoka takriban 220 hadi 40, na timu ikaanza kufanya kazi kwa duru za wiki mbili. Julai 2012 mfumo ulianza kutumika.

Wapenzi wa ajaili hulisimulia hili kama ushindi na kuishia hapo. Kwa anayeshughulika na tathmini, sehemu yenye uzito ni Novemba 2011. Duru zilikuwa zinakwenda na kazi zinahesabiwa kuwa zimekamilika. Mfumo ulipojaribiwa na watumiaji zaidi ya 700 ulizimika mara mbili. Ilibainika kwamba mitambo iliyokuwepo haikuweza kubeba mzigo. Ikabidi mingine inunuliwe, na uzinduzi ukasogezwa mbele. Dodoso la wepesi lisingeliona hilo. Timu ingeweza kupata tano katika kila swali, kwa kuwa waunda programu hawana mamlaka ya kununua seva. Kwa jinsi ninavyousoma mradi huo, uliponea hapo: mwenye mamlaka alikuwa karibu kiasi cha kulisikia tatizo na kulimaliza ndani ya miezi.

Ndiyo maana napendekeza kipimo kingine. Katika kila kikao cha kujitathmini timu itenganishe vikwazo vilivyo ndani ya uwezo wake na vilivyo nje. Vya ndani ni vyake, na havimhusu mtu mwingine. Vya nje viandikwe mahali pa wazi, kila kimoja na tarehe kilipotajwa na jina la mwenye uwezo wa kukiondoa: kibali cha kufikia hifadhidata kinachosubiri saini, mtumiaji halisi ambaye idara husika haijamteua, zabuni inayodai kila kipengele kielezwe kabla msimbo haujaanza kuandikwa. Kisha zihesabiwe siku kati ya kutajwa na kuondolewa. Namba hiyo inampima meneja, na nadhani ndiyo sababu sijaiona katika madodoso yanayouzwa kwa mameneja.

Itasemwa kwamba nayo itachezewa. Itachezewa, iwapo meneja ndiye atakayetangaza kwamba kikwazo kimeondoka; mamlaka hayo yawe ya timu iliyokitaja. Itasemwa pia kwamba mlipaji ana haki ya kujua fedha zake zinakwenda wapi. Anayo, na haki hiyo hutimizwa vizuri zaidi kwa kuonyeshwa kila baada ya wiki mbili programu inayofanya kazi, ikiwezekana mikononi mwa atakayeitumia, kuliko kwa ripoti ya robo mwaka.

Pingamizi zito ni la cheo. Katika ofisi nyingi za kwetu mdogo hathubutu kuandika kwamba kazi imesimama kwa sababu jalada liko mezani kwa mkurugenzi wiki ya tatu. Palipo na timu kadhaa, vikwazo vyao vinaweza kukusanywa pamoja bila kutaja kilikotoka kila kimoja, na kila timu ikakifuta chake orodhani kinapoondoka. Palipo na timu moja ujanja huo haupo. Hapo mkurugenzi mwenyewe atalazimika kuandika kikwazo cha kwanza, jina lake likiwa kando yake, na kuacha siku zianze kuhesabiwa.