Mtwa, Mkuu wa Mkoa na Spika: Madaraka Yalivyohama Iringa

Wajerumani hawakuikuta Iringa ikiwa wilaya. Waliikuta dola ya Wahehe yenye jeshi, iliyomuua kamanda wao Emil von Zelewski pale Lugalo mwaka 1891. Ngome ya Kalenga ilianguka 1894, na miaka minne baadaye mtawala wa dola hiyo, Mkwawa, akajiua ili asikamatwe. Waingereza walipoanza kutawala kupitia machifu mwaka 1926, walimpa mwanawe Sapi kiti, baraza na hazina. Mwaka 1940 wakamwondoa, wakamweka kijana wake Adam. Kiti ambacho Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, anaweza kumvua mwenyewe na kumpa mwingine hakikuwa tena madaraka ya Wahehe, hata kama ngoma zilipigwa.

Serikali huru haikutaka machifu kabisa. Ilipofuta cheo hicho kisheria mwaka 1963, Adam Sapi Mkwawa alikuwa amekwisha kuwa Spika wa Bunge tangu Novemba 1962. Mtwa, yaani chifu, wa Uhehe akawa msimamizi wa mijadala ya nchi nzima.

Iringa yenyewe ikabaki na Mkuu wa Mkoa, mteule wa Rais. Siku ya Krismasi ya 1971 mkuu huyo, Dk. Wilbert Kleruu, alikwenda Ismani kwa mkulima Said Mwamwindi, katika joto la kampeni ya mashamba ya ujamaa. Wakazozana, na Mwamwindi akampiga risasi. Kisha akaupakia mwili garini, akaenda nao kwa barabara ya Dodoma, ile inayopita mtaa wa Kihesa, akajisalimisha polisi mjini. Alinyongwa. Ujamaa ndio husemwa zaidi katika kisa hiki, lakini nauona pia umbali uliokuwapo kati ya mkulima na ofisi ya mkoa: hapakuwa na baraza la katikati lenye nguvu ambalo angelipelekea shauri lake likasikilizwa.

Miezi sita baadaye, Julai 1972, ikaja sera ya Madaraka Mikoani, iliyoandaliwa kwa ushauri wa kampuni ya Kimarekani ya McKinsey. Jina lilikuwa tamu kuliko jambo lenyewe. Halmashauri za kuchaguliwa zilivunjwa, na maofisa wa serikali kuu wakahamia mikoani na mafaili yao. Mwaka 1984 Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri kwamba kuzifuta halmashauri lilikuwa kosa. Mwaka huohuo zikarejea kwa sheria za 1982.

Mjadala mkubwa zaidi ulizuka juu, kwenye Muungano wa Tanganyika na Zanzibar. Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na OIC, jumuiya ya nchi za Kiislamu, nje ya utaratibu wa Muungano. Wabunge wa Bara wakauliza: kama wenzetu wana serikali yao, Tanganyika yetu iko wapi? Kundi lao, G55, liliongozwa na Njelu Kasaka, mbunge wa Lupa, mkoani Mbeya. Agosti 1993 Bunge likaipitisha hoja yao ya serikali ya Tanganyika, na Spika wakati huo alikuwa Adam Sapi, mjukuu wa mtawala ambaye nchi yake haikudai kurudi. Nyerere akapinga kwa nguvu zote: ukianza kusema sisi Watanganyika na wao Wazanzibari, hutaishia hapo, utafika kwenye makabila. Hoja ikazimwa mwaka uliofuata.

Iliibuka tena katika rasimu ya katiba ya Tume ya Jaji Warioba ya 2013, Bunge Maalumu la Katiba likaikataa mwaka 2014, na kura ya maoni haikupigwa. Kwangu udhaifu wa ubishi huo wote ni uleule: tunahesabu serikali, mbili au tatu, bila kuuliza halmashauri inabaki na nini. Hata rasimu ya Warioba suala la serikali za mitaa iliziachia katiba za nchi washirika. Kenya, kwa Katiba yake ya 2010, iliziandikia kaunti 47 sehemu yao ya mapato.

Huku kwetu, mwaka 2016 kodi ya majengo ilitolewa mikononi mwa halmashauri ikapelekwa TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, na mwaka 2021 ikaanza kukatwa mtu anaponunua umeme wa Luku. Mwenye nyumba wa Kihesa akawa analipa kwanza hazina kuu, kisha Manispaa ya Iringa ikasubiri mgao.